Fundi Aliyetukalisha Sote

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi mkuu wa karakana ya hospitali yetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye faili. Hapa kazini sote tunamwita Kaa Kidogo, na hata mganga mkuu akimtafuta humwita hivyo hivyo.

Kila anapokaza cheni ya mojawapo ya pikipiki za magurudumu manne, zile zinazopeleka wauguzi na chanjo vijiji vya mlimani, humwita yeyote anayepita akae kidogo. Unapanda, unashika usukani, unatulia. Yeye anachuchumaa, anaibonyeza cheni katikati kwa kidole, anaisogeza mashine mbele, anabonyeza tena. Ikicheza kiasi anachokitaka, anakaza nati na kukuruhusu ushuke. Mhasibu amezikalia akiwa na sketi ya ofisini. Mkaguzi aliyetoka makao makuu naye alikalishwa. Aliyetafutwa zaidi ni mpishi, kwa kuwa uzito wake, fundi alisema bila kumung'unya maneno, ni sawasawa na muuguzi pamoja na sanduku la chanjo. Mpishi alinuna, na wiki nzima chai ya karakana haikuona sukari.

Wageni walidhani ni utani. Haukuwa utani. Miaka yake ya mwanzo, fundi aliwahi kukaza cheni mashine ikiwa tupu. Ilionekana imenyooka vizuri, naye akaridhika. Lakini mtu na mzigo vikikaa juu, sehemu ya nyuma hushuka na cheni huzidi kuvutika, na ile haikuachiwa nafasi. Ilikatika kwenye kilima kikali, mashine ikarudi kinyumenyume na kumlalia dereva. Dereva huyo ndiye anayeandika maneno haya. Mguu wangu wa kushoto haukurudi kuwa kama zamani, nikahamishiwa stoo, niliko mpaka leo.

Fundi hakutafuta wa kumsukumia lawama. Alikuja wodini na ovaroli lake la grisi, akasema cheni ile aliikaza yeye, akakaa kando ya kitanda. Alikuja kila siku mpaka niliporuhusiwa. Mimi nilimsamehe mapema, ila yeye alichelewa sana kujisamehe. Tangu wakati huo hakuna cheni yake iliyokatika mlimani.

Kisha binti yake akaajiriwa hapa kuwa muuguzi wa chanjo, akapangiwa njia ile ile ya kilima. Kuanzia siku hiyo, cheni ya mashine ya binti haikuguswa na mkono mwingine ila wa fundi. Akiwa likizo, alikuja. Akiwa na homa, alikuja. Hivi karibuni macho yake yamepungua nuru, na kazi nyingine zote alimwachia msaidizi wake, mama mtulivu aliyejifunza ufundi kwake, isipokuwa hiyo moja. Tarehe ya kustaafu ilipokaribia aliniambia kwamba usingizi umempaa. Hakuhitaji kunieleza kwa nini.

Jumatatu iliyopita mashine ya binti ililetwa karakana. Mzee alichukua spana akasimama nayo kwa muda. Kisha akampa msaidizi wake, akapanda mwenyewe, sanduku la chanjo likiwa nyuma yake. Mama yule alisita, halafu akachuchumaa. Akabonyeza, akalegeza, akabonyeza tena, akakaza nati. Muda wote huo mzee alitazama mbele, hakugeuka hata mara moja kukagua. Aliposhuka, alikifuta kiti kwa kiganja chake, akamwambia msaidizi:

"Mwache aende."

Binti alienda, na jioni alirudi.

Kaa Kidogo, asante kwa kila mtu aliyepanda mlima ule akarudi nyumbani kwake. Tunakuombea afya, na usingizi wa kutosha. Siku tukikutokea mlangoni, utukaribishe kwa yale maneno yako mawili. Mimi na mguu wangu huu tutakuwa wa kwanza kukaa.