Elkana Asava Lugalia, Mwalimu wa Redio, na Maneno ya Thon

Ndugu waombolezaji, mimi ni Bilha, dada yake Elkana, aliyeniachia ziwa. Programu mliyo nayo mkononi ilichapishwa Jumanne, kabla sijaenda mtaa wa New Site. Nitaisoma, lakini kuna mahali nitaiacha, na mtanivumilia. Wazee wetu wa Vihiga wamenitumia salamu kwamba marehemu hasemwi vibaya. Salamu nimezipokea.

Elkana alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 karibu na soko la Mudete, Vihiga, nchini Kenya, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Lugalia na Mama Rasoa. Alikuwa mtoto mkaidi, mwenye maneno mengi, asiyekubali kushindwa hata katika kuchota maji. Mama alikuwa akisema huyu atamzungusha hakimu mahakamani. Hakuna aliyefikiria ndege.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari Kakamega, akamaliza mwaka 1989. Mwaka 1993 alianza masomo ya urubani Nairobi, katika uwanja wa Wilson, na mwaka 1996 akapata leseni. Huko ndiko alikochekwa. Redio ya ndege haina faragha. Ukisema jambo, kila rubani aliye angani na kila mwongoza ndege aliye mnarani anakusikia, na matamshi ya Elkana yalikuwa ya kwetu kabisa. Walimwigiza kantini mpaka akaacha kula na wenzake. Aliniandikia kwamba siku moja yeye ndiye atakayesema vizuri kuliko wote, na kweli ikawa hivyo. Nasema hili kwa sababu mengine yote yalianzia hapo.

Alianza kazi kwa kusafirisha chakula cha msaada kutoka Lokichoggio kuja huku kusini mwa Sudan, na mwaka 2007 akahamia Juba moja kwa moja. Mwaka 2013 macho yalimkatalia kuruka. Mwaka uliofuata alifungua darasa lake mtaa wa Atlabara, akawa anawafundisha vijana wanaotaka urubani nadharia, na hasa redio na transponda. Kwa sisi tusiojua, transponda ni kifaa cha ndani ya ndege. Rubani hupewa namba nne, akaziingiza hapo, na rada ikamtambua. Zipo namba chache zenye maana ya hatari: nimetekwa, redio imekufa, nisaidieni. Kwa hiyo aliwafundisha kwamba kabla ya kuzungusha namba, kiweke kifaa kisubiri kwanza bila kutuma kitu, usije ukapita juu ya namba ya utekaji ukawaamsha wanajeshi wote wa makao makuu ya Bilpam. Darasa lilicheka kila mwaka, naye kila mwaka alijifanya ndiyo mara ya kwanza kuisema.

Katika redio hakuwa na mchezo. Mwanafunzi alisimama, akataja jina la ndege, mahali alipo, urefu wake na anachotaka. Akikosea neno moja, alirudi mwanzo. Akikosea tena, mwanzo tena, mpaka jasho limtoke. Elkana hakutaka kijana yeyote wa Juba achekwe angani kama alivyochekwa yeye.

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa na Suzan Yangi hapa Juba, na Mungu akawajalia Valary na Morris. Nyumbani nako kulikuwa darasa. Ukitumwa dukani, uliyarudia maagizo yote kabla ya kuvuka mlango. Valary ni msichana mkubwa sasa, lakini mwambie alete chumvi, atakurudishia: chumvi, pakiti moja, nakwenda. Suzan alikataa kabisa. Alimwambia Elkana yeye si ndege.

Hapa ndipo ninapoiacha programu, kwa sababu imeandikwa tu kwamba mwaka 2019 marehemu alipitia kipindi kigumu.

Mwaka huo alikuwa na mwanafunzi aitwaye Thon, mtoto wa pekee wa Mama Akur wa New Site. Thon alikuwa wa kwanza katika darasa, na Elkana alimpenda waziwazi, jambo lisilokuwa kawaida yake. Alipomaliza nadharia, Thon alikwenda kuruka katika kiwanja kimoja ng'ambo ya mpaka. Tarehe 21 Novemba alikuwa peke yake angani, anarudi kutua, injini ikazimika. Ndege iliangukia shamba la mihogo kabla ya kufika uwanjani, na Thon akafariki; alirudishwa kuzikwa hapa Juba. Wachunguzi walisema ni injini, na Elkana hakutajwa popote. Lakini kwa kuwa alikuwa mwalimu wake, walimruhusu asikilize sauti iliyorekodiwa. Thon alianza wito wa dharura, akakosea mpangilio wa maneno, akarudi mwanzo. Akakosea tena, akarudi mwanzo. Transponda ilikutwa imewekwa isubiri, namba zimezungushwa nusu. Mikono iliyotakiwa kuiongoza ndege itafute pa kutua ilikuwa inafanya alichofundishwa, kwa utaratibu aliofundishwa.

Elkana aliporudi, Suzan alimwambia kwamba si kosa lake, kila mtu amesema. Akamjibu, "Yule mtoto hakuwa anaongea na mnara. Alikuwa anaongea na mimi."

Alifunga darasa miezi mingi. Alipolifungua, alifundisha kwa sinia. Mwanafunzi alibeba sinia lenye glasi za chai zilizojaa, akatembea katikati ya viti huku akiongea kwenye redio, sinia likiwa ndiyo ndege yake. Chai ikitikisika, anyamaze kwanza, alinyooshe sinia, ndipo aongee, tena aongee vyovyote, hata kwa Kiarabu cha Juba. Ritah, dada yetu wa Kiganda anayeuza chai pale getini, aligomba sana kuhusu glasi zake, halafu akawa anaingia mwenyewe kutazama na kushangilia. Vijana waliopita hapo wako hapa leo, nimewaona.

Lakini kwa Mama Akur hakusema kitu. Alikwenda kila Krismasi akiwa na sukari, akidhamiria kumweleza, na kila mara aliishia kuzungumzia mvua. Mama alimwita mwalimu mwema wa mwanawe, akamfungashia karanga. Elkana alizitafuna karanga zile akiwa amefunga mlango.

Mwezi Februari mwaka jana ini lilianza kumsumbua. Alitibiwa hapa Juba, na mimi nikaja kumuuguza. Wazee walitaka apelekwe Mudete akiwa bado ana pumzi. Alikataa, akasema hawezi kuondoka akamwacha yule kijana peke yake kwenye udongo wa hapa, na ndiyo sababu tunamzika katika kiwanja cha ukoo wa Suzan. Siku za mwisho alinieleza yale aliyoyasikia kwenye rekodi, neno kwa neno, akaniagiza nimwombee msamaha kwa Mama Akur, kwa kuwa yeye ameshindwa. Nilimkasirikia. Niliona ni uoga kuniachia mzigo wake. Alifariki Jumapili alfajiri, nami bado nina hasira, na bado namlilia.

Jumatano nilikwenda New Site. Sikutaka mama asikie haya kwa kipaza sauti chini ya turubai. Mama Akur alijifunza Kiswahili katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hatukuhitaji mkalimani. Nilimweleza yote. Kuhusu kanuni ya kurudi mwanzo alisema mwalimu ni mtu, anaweza kukosea. Kisha akauliza mwanawe alisema nini mwisho. Nikamwambia. Baada ya kukosea mara ya mwisho, Thon aliacha maneno ya redio akasema, "Malesh, ustaz." Samahani, mwalimu.

Mama aliyasikia maneno hayo. Halafu akasema, "Hayo maneno ya mtoto wangu, huyu mtu amekuwa nayo kwa kichwa yake miaka yote hii, na anakunywa chai yangu. Thon aliomba yeye msamaha. Yeye aliniomba mimi lini?"

Swali hilo nimelibeba hadi hapa. Mama Akur, umekuja, tumekuona. Ndugu yangu alikukosea ulipomwamini, na akakunyima sauti ya mwanao kwa sababu ya aibu yake. Kwa niaba yake na ya nyumba yetu yote, mbele ya watu hawa, nasema malesh.

Marehemu ameacha mjane, Suzan, watoto wawili, Valary na Morris, mimi dada yake, na wanafunzi wengi walio angani na walio hapa.

Programu inamalizia kwa maneno ya kumtakia mapumziko ya amani. Jumatano Mama Akur aliniambia maneno hayo nisiyasome. Amesema atayasema yeye mwenyewe pale kaburini, akiyaweza, na asipoyaweza tusimlazimishe. Mama, nimefika mwisho. Nakupisha.