Baba Mkwe Kuwa Mdhamini

Kwenye bajaji ya kwenda Mwaya nilikaa kati ya akina mama wawili. Mmoja, mwalimu, alikuwa akiomba mkopo kwenye simu hadi mshahara utoke, maana wavunaji wa mpunga wake wanataka hela leo.

"Masharti nimeyasoma mara mbili," alijigamba. "Mdhamini nimemweka baba mkwe, mtu wa heshima."

Mwenzake alicheka. "Mwalimu! Huyo ambaye kwa mila ukimwona njiani unajificha kwenye migomba? Ukichelewa siku moja watampigia yeye. Utamwomba radhi kwa mdomo upi?"

Nilitazama barabara, masikio yalibaki ndani.

"Si umweke mumeo?"

"Huyo ndiye sitaki ajue."

"Kwa hiyo mtoto asijue, baba yake ndiye apigiwe?"

Bajaji ikasimama. Mwalimu akashuka na simu yake, hajabonyeza kutuma wala hajafuta ombi.