Injinia Aliyebakiza Somo Moja

Kijiwe chao kilikuwa ubao mrefu juu ya matofali, kati ya saluni ya kinyozi na karakana ya fundi wa friji. Wenyewe walikiita Bunge, ingawa hakuna hoja iliyowahi kupita pale. Asubuhi hiyo Mama Kahawa alikuwa ndiyo kwanza anamimina. Kinyozi alikuwa na gazeti la juzi, na Dereva, aliyestaafu lori lakini si ubishi, alikuwa akigombana na redio. Fundi wa friji, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia, alikaa pembeni akiitazama simu yake kama imemng'ata. Kabla hajaizima, Kinyozi aliipora na kusoma ujumbe kwa sauti.

— "Ndugu mwanafunzi wetu." Mwanafunzi! "Ni miaka ishirini na mbili sasa. Umebakiza somo moja tu. Tafadhali fika chuoni tuzungumze." Injinia, hawa wamekosea namba.

— Matapeli hao, alisema Dereva. Shemeji yangu aliambiwa hivyohivyo, kwamba ameshinda ng'ombe wawili. Mpaka leo zizi tupu.

— Si matapeli bwana, alisema Kinyozi. Vyuo vimeishiwa watu, sasa wanawarudia wazee ili madarasa yaonekane yamejaa.

— We hujui kitu, Dereva akamkatiza. Kuna mashine kule, imefungiwa chumbani, inatunza kila swali ulilokosa tangu utoto. Ikijaa, inapiga simu yenyewe.

— Na usipopokea?

— Inampigia mkeo.

Bunge zima likaangua kicheko. Injinia hakucheka. Binti yake alikuwa mwaka wa kwanza chuo hichohicho, na sebuleni kwao ilining'inia picha ya Injinia kavaa joho la mahafali. Joho lile aliliazima kwa rafiki.

— Hawajakosea namba, alisema. Sikumaliza.

Dereva akapunguza sauti ya redio.

— Nilianguka somo la joto mara mbili. Kabla ya mara ya tatu baba akalazwa, nikaenda kumuuguza. Niliaga wiki mbili, sikurudi tena.

— Joto? Kinyozi akauliza taratibu. Wewe, mtu wa mafriji?

— Hilohilo.

Alingoja wamcheke. Mama Kahawa akamjazia kikombe.

— Kesho unakwenda. Ukirudi bila jibu, kahawa yangu utaisikia harufu tu.

Akaenda, amevaa shati la harusini. Ofisini alimkuta dada mmoja wa makamo, mezani ana jalada lenye picha ya Injinia enzi ana nywele.

— Masomo ishirini na tisa uliyofaulu yako palepale, dada akamwambia. Hapa siku hizi mtu akiondoka hatumfuti. Tunamtafuta tujue amekwama wapi. Somo lako lina darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi.

— Mbona miaka yote hiyo hamkunitafuta?

Dada alifunga jalada.

— Hakukuwa na mtu wa kukutafuta. Tusamehe, kaka yangu.

Injinia alijiandaa kwa kila kitu siku ile isipokuwa kuombwa radhi. Alitia saini.

Kazi ilikuwa nyumbani. Alimweleza binti yake yote, macho yakiwa sakafuni. Binti alisukuma kikombe cha chai pembeni.

— Ungeniambia, baba. Nilipofeli jaribio la kwanza nililia chooni, nikidhani kwetu hakuna aliyewahi kufeli.

Kisha akavuta kiti.

— Somo lenyewe la joto linanitoa jasho hata mimi. Lete daftari.

Miezi minne Bunge liligeuka darasa. Kinyozi alimshikia maswali huku ananyoa, hajui jibu hata moja, lakini anamfokea: "Hapana! Rudia!" Dereva alifundisha joto kwa mifano ya injini ya lori, na ajabu ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi. Injinia naye aligundua kwamba kanuni zilizomkimbiza ujanani ndizo alizokuwa akizishika kila siku kwa mikono, bila kuzijua majina.

Siku ya majibu Kinyozi alimwacha mteja kichwa nusu, akatoka mbio na wembe mkononi.

— Ngapi? Sema, ngapi?

— Sabini na nane.

Kelele zilizopigwa ziliwatoa watu madukani. Dereva alilia waziwazi, akasingizia vumbi. Mteja wa kichwa nusu naye alishangilia, asijue anashangilia nini. Binti alikuja anakimbia kutoka kituoni, akamkumbatia baba yake mbele ya mtaa mzima na kumwita, kwa sauti, Injinia.

Katikati ya shangwe hizo akatokea yule dada wa chuoni, aliyekuja kumpa mkono wa pongezi. Wakampisha kwenye ubao, wakampa kahawa. Alinywa kidogo, akawatazama mmoja mmoja, akatoa kalamu.

— Na nyinyi je? Mlitaka kusoma nini?

Kinyozi akamkumbuka ghafla mteja wake wa kichwa nusu. Dereva akajitia kutafuta stesheni kwenye redio.

Mama Kahawa akaweka birika chini, akafuta mikono kwenye kanga.

— Sheria, alisema. Andika jina langu.