Usaili wa Kola

Muuza kahawa alijaza kikombe cha pili, kile ambacho Ramani alizoea kumpelekea mkewe nyumbani, kisha akakumbuka, akakinywa mwenyewe. Hakuna aliyeshangaa; tangu msiba wa mke wa Ramani, jioni zilianza hivyo kijiweni, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi. Ramani, mpima ardhi mstaafu, alikaa ncha ya benchi, mikono magotini, akisikiliza wenzake. Ila siku hiyo alizungumza.

— Binti yangu ameitwa tena kesho kule karakana ya nguo. Usaili.

— Haujaisha tu? — Kinyozi alishusha kikombe. — Si alianza wiki iliyopita?

— Anashona kola kutwa nzima. Jioni wanamwambia, vizuri, rudi kesho tukuone tena.

— Hebu ngoja. Mpwa wangu naye anasailiwa hapohapo. Yeye anatia mikono.

— Na jirani yangu vifungo! — alidakia yule waliyemwita Redio, kwa kuwa hazimiki. — Kola, mikono, vifungo... Jamani, hilo si shati zima hilo? Zile sare za shule wanazouza pale zinashonwa na wasailiwa!

— Usitupayukie masikioni, — Kinyozi akamkatiza.

— Napayuka? Nakwambieni yule bwana hana mfanyakazi hata mmoja. Mlinzi wa getini yuko kwenye usaili. Mpika chai yuko kwenye usaili. Bosi mwenyewe, ukichunguza, anasailiwa ubosi!

Walicheka. Hata Ramani midomo ilimcheza.

— Kumbe mjinga ni mimi, — Kinyozi akasema. — Kesho nabandika tangazo, natafuta vinyozi. Mmoja anyoe kushoto, mwingine kulia, mimi nipokee hela.

— Na ndevu?

— Ndevu ni usaili wa pili.

— Msimvunje moyo mtoto wa mwenzenu, — muuza kahawa aliwakemea. — Kazi zenyewe ziko wapi? Avumilie. Pengine wanapima uvumilivu.

Ramani aliinamisha kichwa. Hayo ndiyo aliyokuwa akimwambia binti yake kila asubuhi. Hakuwaambia kwamba nyumbani kulikuwa na cherehani ya marehemu, nzima kabisa, imefunikwa khanga. Binti aliijaribu mara moja tu baada ya mazishi. Baba yake alipousikia ule mlio alitoka nje, akarudi giza limeingia. Tangu hapo binti hakuigusa tena. Akaenda kutafuta kazi kwa watu.

Dada mmoja alisimama mbele yao, mkasi ameufunga kitambaani.

— Shikamooni. Samahani, karakana ya nguo iko wapi? Nimeitwa kwenye usaili kesho, nataka niijue njia.

— Marahaba, mwanangu. Nyuma ya ghala lile, — Redio akamwelekeza.

— Asanteni. Eti, kuna yeyote mnayemfahamu aliyeajiriwa pale?

Kinyozi alimtazama Redio. Redio alizimika. Muuza kahawa alitikisa birika, akalikuta tupu.

Asubuhi yake, binti akivaa viatu, Ramani aliiondoa khanga juu ya cherehani, akaikunja taratibu. Akaisukuma cherehani hadi barazani, akaitia mafuta, akalizungusha gurudumu.

— Baba?

— Kaa, mama, — alisema, akimsogezea kiti. — Kola unazijua. Mikono anaijua mpwa wa Kinyozi, nitamwita.

Sindano ilipoanza kwenda, Ramani alivuta kigoda karibu na bintiye, akakaa.