Suluhu ya Pasaka

Pale Kamachumu, kwenye kona ya mashine ya kukoboa kahawa, kuna benchi la mkaratusi ambalo halina mwenyewe lakini lina wenyewe. Yupo Ticha Byabato, mwalimu mstaafu, shabiki wa Manchester City. Yupo Saburi, ambaye alibeba magunia bandarini Bukoba mpaka jina la Bandari likamganda. Yupo Kokwijuka mwenye birika, tunayemwita Ma Koku, Liverpool wa damu. Na yupo Rugaibula fundi baiskeli, Arsenal, anayeitwa Kauli Moja kwa sababu bei akishaitaja haipandi wala haishuki hata ulie. Ukutani pana ubao uliokuwa mlango wa kabati. Kila mechi kubwa ya Ulaya, kila mtu anaandika matokeo kwa mkono wake kabla mpira haujaanza. Mikeka ya kubeti hapa ni haramu, na simu zote zinalala ndani ya kikapu cha Ma Koku, asije mtu akachungulia utabiri wa wajuzi wa mtandaoni. Anayepatia anachorewa mstari. Pasaka ikifika mistari inahesabiwa, maana baada ya hapo ni masika na buni, watu wanapotelea mashambani. Mwenye mistari mingi anakalia kiti chenye mgongo, kipo kimoja tu, mwaka mzima. Ticha alikuwa amekikalia miaka mitatu mpaka kimeshika umbo lake.

Mwaka huo Pasaka ilianguka ndani ya Ramadhani. Saburi akifunga, kijiwe hakinywi kahawa mpaka adhana ya magharibi, na bila kahawa hakuna kuandika. Hakuna shehe aliyewaagiza. Waliona tu aibu kumnywea mwenzao usoni.

Jumapili hiyo, ya mwisho ya Machi, Ticha alikuwa na mistari tisa na Rugaibula tisa. Iliyobaki ni mechi moja: City wanawakaribisha Arsenal. Juu ya ubao Ticha alikuwa ameshaandika kwa mwandiko wake wa darasani: SAA 1:30 USIKU.

Rugaibula alifika saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, vidole vina grisi, tumbo lina ebitoke, ndizi za kupika za sikukuu. Alitoka kumpelekea mteja baiskeli. Akatumbukiza simu kikapuni, akakaa.

— Kauli Moja, umekuja kunikabidhi kiti rasmi? Ticha alimpokea, amejiegemeza.

— Kikalie vizuri, Ticha. Anayehama hupumzika kwanza.

— Mimi nakuonea huruma. City pale kwao hawajatoka uwanjani bila goli zaidi ya miaka miwili. Hizo ni takwimu. Nanyi kila mkienda mnachapwa. Mwaka jana nne kwa moja, umesahau?

— Sijasahau. Kidonda changu nakijua mwenyewe.

— Wahenga walishamaliza, alisema Saburi, midomo imekauka kwa saumu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Arsenal akienda kule, City wanapona.

— Hiyo methali haitumiki hivyo, Bandari.

— Inatumika vizuri tu, Ticha. Wewe ulifundisha jiografia.

Ma Koku alichekea kwenye kanga yake, akapuliza mkaa.

— Mimi nawaombea wote wawili wakabane koo, Liverpool ipite katikati, alisema. Halafu mnajua kwa nini City wanapata magoli? Wanakula mapema. Mtu mwenye njaa hakimbii. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana wanakula saa nne asubuhi.

— Mama, nani kakwambia ratiba ya chakula cha City? aliuliza Ticha.

— Mpishi anamjua mwenye kushiba hata kwenye televisheni.

Saburi akainua kidole. Saburi akiinua kidole, watu husogea.

— Leo Arsenal hawafungwi, na sababu iko hapa hapa Kamachumu. Buni yetu inakwenda wapi? Mimi nimeipakia kwa mgongo huu. Inakwenda Italia! Mtaliano anakunywa robusta ya Muhaya tangu ananyonya. Sasa mbona mabeki wa Kitaliano hawasinzii dunia nzima? Ni sisi! Na Arsenal pale katikati wana kiungo Mtaliano. Yule mtu ana gunia langu moja kichwani.

— Mawe! alishangaa Ma Koku kwa Kihaya. Kumbe tuna mchezaji wetu.

— Tunaye! Na golikipa je? Mkono mtupu haulambwi, ndiyo maana wanavaa glavu.

Hata Ticha alishindwa kujizuia. Rugaibula naye alicheka, lakini macho yalikuwa kwenye kile kiti. Miaka mitatu Ticha alikuwa akimkatiza: “Rugaibula, hayo ni ya darasa la saba.” Kusoma magazeti alijifundisha kwa karatasi za kufungia sukari, na majina ya viwanja vya Ulaya kwa redio alizozifufua mwenyewe. Hakuhitaji kiti kwa ajili ya mgongo. Alitaka mtu asiyekuwa na cheti akikalie mchana kweupe, kila apitaye kwenda sokoni aone.

Adhana ikatoka msikiti wa sokoni. Saburi akafungua kwa tende tatu, Ma Koku akamimina, mkebe wa akamwani, buni za kutafuna, ukazunguka. Kijiwe kikanywa funda la kwanza kwa pamoja. Ndipo chaki ikatoka.

Saburi akaandika mbili kwa mbili. Ma Koku moja kwa moja. Ticha akainuka, akajinyoosha shati, akaandika tatu kwa moja, City. Rugaibula akafuta vidole kwenye suruali na kuchora sifuri mbili, kubwa, za duara kama ringi za baiskeli.

— Suluhu? Ticha aliguna. Shabiki gani wewe? Hata goli moja la heshima huwapi watu wako?

— Naipenda Arsenal, lakini ubao siudanganyi. Timu mbili zinaogopana, kila moja inaogopa kupoteza ubingwa. Nani ataacha mlango wazi? Nimesema suluhu.

Kahawa ilikuwa raundi ya pili vilipotokea viatu vya mvua na harufu ya samaki. Alikuwa Maige, Msukuma kutoka kisiwa cha Bumbire, amepandisha sangara wa sikukuu na sanduku lake limebaki maji ya barafu tu.

— Shikamooni wazee. Mama, nipatie kikombe haraka, nirudi kwenye banda la televisheni kabla hawajarudi uwanjani.

— Nani hao hawajarudi? aliuliza Ma Koku.

— City na Arsenal. Ni mapumziko.

Kikombe cha Saburi kilisimama njiani.

— Mapumziko ya nini, kijana? Mpira saa moja na nusu!

— Umeanza saa kumi na mbili na nusu, mzee.

— Haiwezekani, alisema Ticha. Ratiba inasema saa kumi na nusu za Uingereza. Tumewapita saa tatu. Kumi na nusu, ongeza tatu. Nimeifundisha hesabu hiyo miaka thelathini.

— Jana ungekuwa sawa, mwalimu. Usiku wa kuamkia leo Wazungu wamesogeza saa zao mbele. Kuanzia leo tumewapita saa mbili. Sisi kisiwani hatusahau, maana jenereta la banda letu likichelewa kuwashwa watu wanang'oa mlango.

Saburi alikiweka kikombe chini.

— Sasa mbona hatujasikia kelele? Ma Koku aliuliza. Banda si hapo tu?

— Kelele za nini, mama? Bila bila mpaka sasa.

Shingo nne ziligeukia ubaoni. Zile sifuri za Rugaibula zikawa kama zimeongezeka ukubwa.

— Ahaa, alisema Ticha polepole. Mpira uko bila bila, na mtu mmoja kaandika bila bila. Mmoja tu. Waitu, wenzangu, mimi sisemi kitu.

— Sema! Rugaibula alikuwa ameshasimama. Sema yote, Ticha! Mimi nimekuibia?

— Nasema ni ajabu.

— Baiskeli yako nimeitengeneza miaka kumi na moja. Nilishawahi kukutajia tairi jipya nikafunga kuukuu? Nilishawahi? Na hiyo saa moja na nusu nani kaiandika pale juu? Mkono wangu huo? Mimi na darasa langu la saba?

Ticha aliitazama saa yake ya mkononi kama iliyomsaliti.

— Ni mkono wangu, alisema. Nimekosea.

— Basi yameisha, alidakia Saburi. Kauli Moja hakujua, simu ilikuwa kikapuni. Acheni sifuri zake.

Yangeisha kweli, kama Rugaibula angekaa. Hakukaa. Hasira zilimshuka ghafla, na chini yake akakuta kitu ambacho hakukipenda. Akaona tena alivyopita bandani akitoka kwa mteja. Nje ya banda zilijaa pikipiki, na ndani palikuwa kimya. Alidhani wanasubiri. Lakini kimya kile kilikuwa kimetulia sana, kimya cha watu wengi wanaotazama kitu kimoja. Je, hakikumwingia? Aliposhika chaki, ni akili yake iliyochora duara zile, au ni masikio? Alijiuliza kwa haki kabisa, na hakupata jibu la kumtosha. Hakuna aliyemwona akipita. Angenyamaza tu, wangesahau.

— Nimepita bandani nikija hapa, alisema.

— Unasemaje? aliuliza Ticha.

— Nimepita nje yake. Sikuona, sikuuliza, sikujua mpira umeanza. Lakini nimesikia kimya. Sasa mimi siwezi kuapa kwamba kimya kile hakikuniandikia.

— Rugaibula, si uache? Ma Koku alimsihi. Nani kakuuliza?

— Hakuna. Ndiyo maana nasema.

Akaenda ubaoni na kufuta sifuri zake kwa mkono wa shati jeupe la kanisani, mpaka mkono ukageuka kijivu. Akamnyooshea Ticha chaki.

— Zimebaki dakika arobaini na tano. Sasa wote tunajua sawasawa. Futa yako, andika upya. Nami naandika upya. Mgeni ni shahidi. Kiti cha mashaka sikitaki, hata uniwekee godoro.

Ticha aliipokea chaki, safari hii bila mzaha. Akafikiri. Akaandika moja kwa sifuri, City. Rugaibula akachukua kipande kilichobaki, akachora zilezile ringi mbili pale palipofutwa.

— Tena?

— Tena. Safari hii ni mimi.

Walitoka wote. Ma Koku aliacha birika kwenye makaa, akafunga kanga kiunoni. Bandani walibanana kwenye benchi la mwisho, Maige ubavuni mwa Rugaibula. Kipindi cha pili City walishika mpira kama mali ya urithi, wakizunguka nao, wakirudi nao, na kila mlango wakikuta umefungwa. Kila dakika kumi Ticha alivua miwani na kuifuta. Mwishoni mwishoni Arsenal wakachomoka, uwanja mweupe mbele yao, na banda zima lililovaa nyekundu likasimama kupiga kelele. Rugaibula hakusimama. Alishika benchi kwa mikono miwili mpaka shambulizi likazimika, na Maige akamsikia akishusha pumzi.

Filimbi. Bila bila.

Kurudi kijiweni Saburi aliongoza kama anasindikiza harusi.

— Nilisema mimi! Ni buni yetu! Mtaliano hakusinzia! Robusta ya Kamachumu imewanyima City goli kwao!

Ticha alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti, akakigeuza kikatazama barabara, akakipangusa kwa leso.

— Karibu, fundi, alisema. Mistari tisa yangu, kumi yako. Na nisikilize vizuri, maana sirudii. Ungenyamaza, kiti ungekipata kwa zile sifuri za kwanza. Mimi nisingesema ulichokisema wewe.

Rugaibula alikaa. Hakujiegemeza kwanza, akakijaribu kiti kama anavyojaribu tandiko aliloliunga. Kisha akaupeleka mgongo mpaka nyuma, shingo ikasimama. Watu waliokuwa wakitoka bandani walipita, wakaona, mmoja akapiga makofi.

— Niseme moja tu, Rugaibula alisema, na sauti ilimtoka imejaa. Watu walisema Arsenal wanakwenda kuchinjwa. Wamekwenda kwenye ngome ambayo miaka miwili hakuna aliyewazuia City wasifunge goli, na wamefunga mlango na kuondoka na ufunguo! Na mimi nilisema. Nilisema mara mbili! Hapa Kamachumu hatuhitaji mtu wa kututafsiria mpira. Aliyenena ukweli hana haja ya wakili.

— Eeh! Saburi na Ma Koku waliitikia.

Maige alikuwa bado amesimama, sanduku la samaki begani, kikombe kitupu mkononi. Alionekana anataka kuuliza kitu na anaona haya.

— Mzee wangu, hongera. Sisi kisiwani hatuna ubao kama huu, naona niupeleke. Lakini kuna jambo sijalielewa. Wewe ni Arsenal?

— Tangu sijaoa.

— Basi pale walipochomoka, wewe ulikuwa unaomba wafunge au wasifunge?

Saburi alitazama viatu vyake. Ticha, ambaye miaka mitatu alikuwa na jibu la kila kitu, alitazama paa la mashine ya kukobolea. Rugaibula aliuondoa mgongo kwenye kiti, akaanza kukung'uta mkono wa shati uliogeuka kijivu.

Ma Koku aliinua birika, akalitikisa, yakasikika machicha tu.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Hakuna aliyeondoka.