Bi. Severina na Nakala ya Kwanza

Ifikapo tarehe 31 Mei 2025, Bi. Severina Leonidas atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili katika ofisi ya uchapaji ya shule yetu, na siku hiyo ndiyo anayostaafu. Alifika hapa mwaka 1993 akitokea Sepuka, akiwa na cheti cha upigaji chapa na jembe. Cheti alimkabidhi mkuu wa shule wa wakati huo. Jembe hakumkabidhi mtu, na ndilo analoondoka nalo.

Wazazi wetu wengi waliosoma hapa walifanya mitihani iliyopita mikononi mwake. Enzi hizo kulikuwa na stensili za karatasi ya nta na mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono, na kosa la herufi moja lilizibwa kwa rangi ya kucha. Wasiojua walimsifu kwa kupenda kujipamba, kumbe chupa ile haikuwahi kugusa ukucha wa mtu.

Kompyuta zilipokuja, wengi walidhani amepumzika. Haikuwa hivyo. Walimu walileta mitihani kwa kila njia: kwa flashi, kwa barua pepe, kwa WhatsApp, hata kwa picha ya daftari iliyopigwa kwa simu. Faili moja lilifunguka vizuri, jingine likafunguka alama zote za Hesabu zimegeuka visanduku. Bi. Severina alilifungua kila moja, akalirekebisha, akalibadili kuwa PDF, akalichapa, kisha akaanza linalofuata. Printa ilipotafuna karatasi aliikaripia kwa Kinyaturu, na sisi tuliopita dirishani tuliamini kwamba inamsikia.

Shida ni kwamba mitihani ya muhula huangukia mwezi wa tano, na mwezi wa tano ndio alizeti huwa imekauka. Shamba lake liko kando ya barabara ya kwenda Mtinko, na kila mwaka yeye alikuwa ofisini wakati ndege wako shambani. Walimu walipomuuliza amevuna magunia mangapi, aliwajibu, "Kawaulizeni ndege. Sisi tunalima kwa ubia. Mimi napanda, wao wanavuna."

Mwaka 2021 Mwalimu Paschal, anayetufundisha Hesabu na kompyuta, alimtengenezea programu ndogo. Mwalimu akiweka faili lake kwenye folda moja maalumu, kompyuta hulibadili yenyewe kuwa PDF na kulipanga kwenye foleni, kisha printa huchapa mitihani yote kwa mkupuo. Kanuni ya majina aliitunga Bi. Severina mwenyewe: jina la faili lianze na idadi ya nakala zinazotakiwa. Mwalimu mmoja wa Historia alianza na 4, akimaanisha kidato cha nne, akapata nakala nne. Alipolalamika alijibiwa, "Mwalimu, umeomba nne, umepewa nne. Nani kakupunja hapo?"

Mwezi wa tano wa mwaka ule, printa ikiwa inaendelea kuchapa, Bi. Severina alikuwa shambani. Aliwahi kabla ya ndege, na walimu wote walipewa mafuta ya kuonja.

Mwaka uliofuata nusura raha hiyo iishe. Sisi tulikuwa kidato cha kwanza, na habari ilitufikia kabla ya mapumziko ya chai. Kidato cha nne walikuwa wamegawiwa mtihani wa kujipima wa Biolojia, na chumba kilikuwa na amani ambayo Biolojia haijawahi kuileta. Hakuna aliyetazama dari. Ndipo mwanafunzi aitwaye Rahabu aliposimama na kusema, "Mwalimu, karatasi yangu ina majibu." Nyuma yake wenzake wakamnong'oneza, "Kaa chini wewe! Rahabu, kaa!" Lakini alikuwa ameshasema. Kila karatasi ilikuwa na majibu kwenye ukurasa wa mwisho, na mtihani ukafutwa.

Mwalimu Zefania wa Biolojia alikuwa na desturi ya kuandika maswali na majibu katika faili moja. Miaka yote Bi. Severina aliuondoa ukurasa wa majibu kabla ya kuchapa, na hata mwaka wa kwanza wa programu faili hilo alilipitia yeye. Safari hii lilikwenda moja kwa moja kwenye folda. Kompyuta haikuwa imeambiwa.

Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Elizabeti, aliagiza programu izimwe na mitihani yote ichapwe moja moja kama zamani. Nusu ya alizeti ilikuwa bado imesimama shambani. Bi. Severina hakumlaumu Mwalimu Zefania wala kompyuta. Alisema kosa ni lake, kwa sababu alikuwa akifanya kazi ambayo hakuwahi kumwambia mtu kwamba ipo.

Kesho yake alirudi kwa mkuu na pendekezo. Kompyuta ichape nakala moja tu ya kila mtihani, kisha isimame. Mwenye mtihani aje aisome mpaka mwisho na kutia saini nyuma. Bila saini, hakuna nakala ya pili. Mkuu alikubali ajaribu kwa karatasi moja, mtihani wa marudio wa Biolojia.

Mwalimu Zefania akaja, akasoma akiwa amesimama, walimu wenzake wakimtazama. Alipofika ukurasa wa mwisho, majibu yake yalikuwa yamekaa palepale. Wanasema yeye ndiye aliyeanza kucheka. Mkuu akafuta machozi ya kicheko na kusema, "Basi, mashine iendelee. Mgonjwa wetu tumeshamwona, na si yeye." Jioni ile Bi. Severina aliwahi shamba lake, na tangu hapo nakala ya kwanza ni sheria katika shule hii. Hakuna mtihani uliofutwa tena.

Wasifu huu nao umepita njia hiyohiyo. Raymond, anayeipokea ofisi, aliuweka kwenye folda, ikatoka nakala moja, printa ikasimama. Bi. Severina aliusoma mlangoni, jembe likiwa limeegemezwa ukutani. Alifika mwisho, akageuza ukurasa kutazama nyuma, akatia saini. "Majibu hayamo," alimwambia Raymond. "Chapa. Mimi nawahi shamba."

Kwa kuwa aya hiyo imeongezwa baadaye, Raymond atalazimika kumfuata huko na nakala nyingine ya kwanza. Bi. Severina, utusamehe kwa usumbufu huo wa mwisho. Wanafunzi, walimu na wazazi tunakushukuru kwa kila karatasi uliyotuwekea mezani ikiwa safi na kamili. Shikamoo, na maisha yako ya kustaafu yawe mema. Mwezi wa tano sasa ni wako wote. Ndege watafute mbia mwingine.