Tundu la Chandarua

Bibi mdarizi alitoa kitambaa chake treni ilipoondoka, akajifanya hasikii. Lakini macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa.

Mbele yake, mama aliyefiwa alikuwa akimwonyesha abiria mwenzake karatasi ya hospitali ya kuomba ridhaa yake, kwa kuwa alimwona kavaa sare ya wapima damu. "Kaka, wanataka tena damu ya binti yangu. Yeye na kaka yake walilala mchana katika chandarua kimoja, chenye tundu. Vipimo vilisema wote wana kirusi cha dengi. Huyu hata kichwa hakikumuuma. Yule nimemzika."

"Pole sana, dada. Kila chembe ya mwili ina kengele. Kirusi kikiingia, inalia, askari wa kinga ya mwili wanatoka. Kwa wengine inachelewa, kisha askari wanakuja na hasira mpaka wanabomoa nyumba yao wenyewe. Na kengele hizo, kwa sehemu, tunazirithi kwa wazazi."

Bibi alijichoma kidole. Msomi huyu anatumbua jipu kwa nyundo, aliwaza.

"Kwa hiyo mwanangu nilimnyima kengele nzuri mimi?"

"Hukumnyima, dada. Hakuna mzazi anayechagua. Wao wanataka tu kujua kengele ya binti ililiaje hata asiugue."

"Mama mkwe anasema ningeshona tundu."

"Mbu aliwauma wote wawili."

"Lakini alipitia wapi, kaka?"

Mpima damu alimrudishia karatasi. Treni ikasimama. Mama aliikunja karatasi bila kuitia saini, akamgeukia bibi.

"Shikamoo, bibi. Naomba sindano na uzi."

"Marahaba, mwanangu. Bado hujalishona tundu hilo?"

"Sijaweza kukigusa chandarua chenyewe."

Bibi alimpa, pamoja na uzi mrefu kuliko uliohitajika.